YA TATU MPE JEMBE: WAGENI WA KAZI KATIKA KASESE NA BWERA

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaipenda sana, na mara nyingi tunaitumia kumsema mtu anayekaa kwa watu akila na kulala bila kujishughulisha. Lakini sisi tuliokuja Kasese kutafuta kazi tumeichunguza, tukaona kwamba kwetu ilipinduliwa. Jembe tulipewa siku ile ile tuliyoshuka kwenye basi. Siku mbili za ugeni, yaani siku za kuonyeshwa yalipo maji, kuambiwa njia ipi ni salama, na kujulishwa nani ni nani, hatukupewa na mtu yeyote.

Katika makala hii tungependa kuwaeleza yaliyotupata kwa kukosa siku mbili hizo. Hatuandiki ili mtuonee huruma. Tunaandika kwa sababu kila msimu basi jingine linafika, na ndani yake wamo wenzetu wengine.

TULIVYOFIKA

Tulikuwa sita. Wawili walitoka Tororo, wawili Kabale, mmoja Bungoma nchini Kenya, na mdogo wetu kuliko wote alitoka Arua. Hatukuwa ndugu wala hatukuwa tumejuana kabla. Aliyetukutanisha ni wakala wa kazi, ambaye alituandikisha Kampala, akatulipia nauli, kisha akaikata nauli hiyo kwenye mshahara wetu wa kwanza. Kiwanda tulichopelekwa hatutakitaja. Anayefanya kazi kiwandani au shambani atakitambua hata bila jina, maana mambo yake ni yale yale ya kwingine.

Tulipitia Fort Portal, tukateremka hadi Hima penye kiwanda cha saruji, na kabla ya adhuhuri tukawa Kasese. Wote tulikuwa tumebeba makoti. Tulikuwa tumeambiwa kwamba tunakwenda chini ya Milima ya Rwenzori, yenye theluji, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa meta 5,109. Theluji ipo kweli, lakini ipo huko juu, na mara nyingi hufichwa na mawingu. Mji wa Kasese wenyewe umekaa chini kwenye Bonde la Ufa, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na jua lake halina mchezo. Wenzetu wa Kabale, waliozaliwa kwenye baridi, hawakupata usingizi juma zima. Makoti tukayageuza mito ya kulalia. Tulichohitaji kilikuwa ni vyandarua, na hilo nalo hakuna aliyetuambia. Wawili wetu waliugua malaria kabla mwezi haujaisha.

Saa nane mchana ya siku hiyo hiyo tulikuwa tunapakia magunia.

CHUMBA NA BARUA

Usiku wa kwanza tulilala kwenye stoo ya wakala. Siku ya pili tukaanza kutafuta nyumba baada ya kazi. Wanaojua miji ya Uganda wanajua muzigo ni nini: chumba kimoja kwenye safu ya vyumba, mlango unaotazama uani, choo cha pamoja nyuma. Kodi ilitakiwa ya miezi mitatu kwa mkupuo. Hatukuwa nayo, kwa hiyo tukachanga tukapanga vyumba viwili, watatu watatu.

Mama mwenye nyumba, Mkonzo wa makamo, alituuliza swali moja kabla hata ya kuhesabu fedha: barua zenu za LC ziko wapi? Wawili tu kati yetu walikuwa nazo. Nchini Uganda mtu anayehama anatakiwa kuchukua barua kwa mwenyekiti wa LC ya kwanza wa kijiji anachotoka, aipeleke kwa mwenyekiti wa mahali anapohamia. Wakala alikuwa ametuambia kwamba hilo halina haja, yeye ataongea na wakubwa.

Tulimwona yule mama mkali. Baadaye tulimwelewa. Wilaya hii imepata misiba. Mwezi Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo wakaishambulia Mpondwe na Bwera. Tarehe 16 Juni 2023 walirudi usiku wakaua watu zaidi ya 40 katika shule ya sekondari hapo hapo Mpondwe-Lhubiriha, wengi wao wakiwa wanafunzi. Watu waliopitia hayo wana haki ya kumwuliza mgeni anatoka wapi. Kosa halikuwa la anayeuliza. Kosa lilikuwa la aliyetuleta bila kutuandaa.

Mama yule hakutufukuza. Alitupeleka mwenyewe kwa mwenyekiti, akatudhamini kwa mdomo, na mwenyekiti akatuandika kwenye daftari lake, kila mtu jina lake, alikotoka na tarehe. Tuliona ni usumbufu, tena mmoja wetu alinung'unika kwamba ameichelewesha zamu yake kwa ajili ya daftari la kijiji. Ndugu msomaji, likumbuke daftari hilo.

KISWAHILI CHETU NA CHAO

Lugha ya wenyeji ni Lukonzo. Tulijifunza kidogo kidogo: wasingya ni asante, na neno hilo peke yake litakufungulia milango mingi kuliko fedha. Tulijifunza pia kwamba Wakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata namna walivyozaliwa. Bwambale ni mvulana wa pili, Masereka ni wa tatu. Masika ni msichana wa kwanza. Kwa hiyo majina hayo ni mengi mno. Asubuhi kiwandani msimamizi akiita Bwambale, huitika watu wanne. Tulikuwa tunacheka sana. Kicheko hicho nacho kilikuja kututokea puani.

Kiswahili kinasikika hapa kuliko sehemu nyingi za Uganda, na sisi tulijiona mabingwa, hasa yule wa Bungoma. Ubingwa wetu uliishia kwenye soko la Bwera. Jumapili moja tulikwenda huko kununua unga wa muhogo, maana tuliambiwa bei ni nafuu. Kutoka Kasese unapita Kikorongo, kisha unaiacha barabara kuu inayokata Hifadhi ya Queen Elizabeth, unafuata njia ya Kisinga hadi Bwera. Mbele kidogo ni Mpondwe, mto Lhubiriha, na ng'ambo ya pili ni Kasindi, nchi ya Kongo. Sokoni pale wanawake wa pande zote mbili wanafanya biashara kama watu wa nyumba moja: unga, samaki, mawese, vitenge, kahawa. Fedha ni shilingi, faranga na dola, na muuzaji anazigeuza kichwani haraka kuliko mashine.

Mama mmoja kutoka ng'ambo alitutazama tukishika shika unga wake akauliza: "Munauza?" Mwenzetu wa Bungoma akajibu kwa heshima: "Hapana mama, hatuuzi, sisi tunanunua." Mama akatuangalia kwa mshangao, akarudia: "Njo nauliza, munauza ao hamuuze?" Tulibishana hivyo mpaka watu wakajaa. Ndipo kijana mmoja mchukuzi akatueleza kwamba katika Kiswahili cha Kongo kuuza ni kununua, na anayetoa mali yake huyo anauzisha. Mama akacheka mpaka akakaa chini, akatuongezea kikombe kimoja cha unga bila malipo.

Tunalisimulia hili kwa sababu lina somo. Tulifikiri kwa kuwa tunaijua lugha, basi tunawajua watu. Mgeni anayedhani anaelewa ana hatari kuliko yule anayejua kwamba haelewi, kwa sababu wa pili atauliza.

SI SISI WA KWANZA

Mzee mmoja mtaani kwetu, aliyewahi kuwa mchimbaji wa shaba Kilembe, alituambia neno lililotushangaza: "Hapa Kasese wote tuliovaa kofia ya kazi tulikuja kwa basi au kwa treni." Tulimwomba atupeleke Kilembe tukaone.

Kilembe iko kwenye bonde la mto Nyamwamba, juu ya mji, na hewa yake ni ya ubaridi. Mgodi wa shaba ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ule ule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese. Shaba ilipakiwa kwenye mabehewa ikapelekwa Jinja kuyeyushwa. Kampuni ya Falconbridge ya Kanada ndiyo iliyokuwa na usimamizi mpaka serikali ilipouchukua mgodi mwaka 1975, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama. Watu walikuja kutoka pande nyingi za Uganda na nchi za jirani. Chini ya ardhi, alisema mzee, hapakuwa na nafasi ya kuulizana kabila; mwenzako akipiga kelele kwamba jiwe linaanguka, sharti uelewe mara moja. Kwa hiyo walipigiana kelele kwa Kiswahili.

Mgodi uliposimama, watu hawakusimama kuishi. Wengi walibaki katika nyumba walizopewa na kazi, wakazaa, wakazeeka. Mabaki ya shaba yaliyorundikwa karibu na mji yalikuja kutumiwa tena kuanzia 1999 na kiwanda cha kobalti, na hicho nacho baada ya miaka kumi na kadhaa kikafunga. Mwaka 2013 kampuni ya Kichina ilipewa mkataba wa kuufufua mgodi, na mkataba huo ukavunjwa 2017. Treni nayo haifiki tena Kasese. Mzee alituonyesha mahali palipokuwa na nyumba. Tarehe 1 Mei 2013, siku yetu wenyewe ya Sikukuu ya Wafanyakazi, mto Nyamwamba ulifurika ukabomoa nyumba za bonde lile. Mei 2020 ukafurika tena, na safari hiyo ukaiharibu hospitali ya Kilembe.

Tulirudi kimya. Tulikuwa tumeona watu waliotumikia kazi maisha yao yote, na bado wakiulizwa kwao ni wapi wanasita kujibu. Nyumba waliyopewa na kazi ilikuwa yao kwa muda tu ambao kazi iliwataka. Kinachobaki kwa mfanyakazi ni watu anaowajua na karatasi alizoziweka vizuri. Sisi wakati huo hatukuwa na hata kimoja.

JINA LA MTU MWINGINE

Mwezi wa nne tangu tufike, mkanda wa mashine ulimshika mkono mdogo wetu wa Arua. Tulimfunga kwa shati, tukampandisha boda boda, tukamkimbiza hospitali. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Kesho yake tulikwenda ofisini kuomba gharama za matibabu zilipwe. Karani alifungua kitabu cha mahudhurio, akapitisha kidole juu mpaka chini, akasema mtu mwenye jina hilo hayumo.

Hapo ndipo tulipokumbuka. Siku ya kwanza wakala alimwambia kijana: "Wewe ukisikia Baluku, itika." Baluku alikuwa kijana wa hapa aliyeacha kazi baada ya muda mfupi, na wakala hakutaka kurudi ofisini kubadili orodha. Miezi yote hiyo mdogo wetu alifanya kazi kwa jina la Baluku, akalipwa kwa jina la Baluku. Sisi tulijua. Tena tulimtania, tukamwita Baluku wa Arua. Hatukuona kwamba kila asubuhi akiitika anajifuta mwenyewe kwenye kitabu.

Wakala alipoulizwa alijibu bila kupepesa macho: Baluku alilipwa haki yake akaondoka, huyu aliyeumia ni mtu aliyeingia kiwandani bila ruhusa. Ofisi ikakubali maneno yake, kwa kuwa yalikuwa nafuu kwao.

Hatukuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi. Tulikuwa tumeambiwa kwamba chama ni cha wenyeji na walioajiriwa, si cha vibarua. Siku hiyo tulimwendea katibu wa tawi tukiwa na aibu. Hakutulaumu. Alituambia kwamba kwa sheria ya Uganda mkataba wa kazi waweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Anayefanya kazi kwa malipo ni mfanyakazi, awe ameitwa Baluku au ameitwa nani. Lakini ni lazima ithibitike kwamba yeye ndiye aliyefanya kazi ile. Kisha akauliza: "Nani kati yenu anamjua Baluku mwenyewe?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumekaa miezi minne katika mji wa watu, na hatukumjua mwenyeji hata mmoja zaidi ya mama mwenye nyumba, mzee wa Kilembe na msimamizi wa zamu.

SAFARI YA JUU YA BWERA

Aliyetuokoa ni mama mwenye nyumba. Aliuliza kwa jamaa zake, na baada ya siku tatu akatuambia kwamba Baluku huyo kwao ni milimani, juu ya Bwera. Jumamosi tukaenda, wawili wetu pamoja na katibu. Tulipanda teksi mpaka Bwera, kisha boda boda mpaka njia iliposhindikana, kisha miguu. Mashamba ya kahawa na migomba yamening'inia kwenye mteremko kiasi kwamba unashangaa mkulima anasimamaje.

Tulipofika, mama yake Baluku alitukaribisha tukae. Tulitaka kueleza shida yetu mara moja, lakini katibu alitukanyaga mguu. Yakaletwa maji ya kunawa, ukaletwa ugali wa muhogo, ambao wao huuita bundu, pamoja na sombe. Hakuna aliyetuuliza tumefuata nini mpaka tuliposhiba. Tunakiri kwamba pale ndipo tulipokuwa wageni kwa mara ya kwanza tangu tufike katika wilaya hii. Miezi minne tulikuwa mikono tu.

Baluku alipotusikiliza aliingiwa na hofu. Alidhani ofisi itamdai fedha zilizolipwa kwa jina lake. Halafu akasema neno lililotuchoma. Aliacha kazi kwa sababu makato yalikuwa yanamaliza mshahara, na yeye na vijana wenzake watano walikataa kuendelea mpaka makato yapunguzwe. Walisubiri waitwe wazungumze. Badala ya kuitwa, likafika basi, na ndani yake tukashuka sisi.

Ndugu wafanyakazi, hatukuwa tunajua. Lakini kutojua kwetu ndiko wakala alikokununua. Vijana wa hapa walituona tumekuja kuvunja mgomo wao, sisi tukawaona ni watu wasiopenda wageni, na mwenye kufaidika akawa ameketi katikati.

Kimya kilikuwa kirefu. Aliyekivunja ni mama yake Baluku. Aliuliza kijana aliyeumia ana umri gani, na kama mama yake yu hai. Tulipomjibu alimgeukia mwanawe akamwambia kwamba jina alilopewa nyumbani kwake halitatumika kumnyima mtoto wa mwanamke mwenzake haki yake.

Jumatatu Baluku aliteremka. Alisimama mbele ya afisa wa kazi wa wilaya, akasema tarehe aliyoacha kazi, akaonyesha kitambulisho chake, akanyosha mikono yake yote miwili yenye vidole kumi. Mwenyekiti wetu wa LC akaleta daftari lake. Humo mlikuwa na jina la mdogo wetu, Arua kwao, na tarehe aliyofika Kasese, iliyoandikwa jioni ile tuliyonung'unika. Wenzetu wa zamu, wenyeji na wageni, wakathibitisha kwamba aliyekuwa akiitika Baluku kwenye mashine ile ni yeye.

Shauri lilichukua miezi mitano. Gharama za hospitali zililipwa, na fidia ikalipwa, ingawa si yote tuliyoidai. Mdogo wetu amerudi Arua. Kazi ya mashine hawezi tena. Hatutawadanganya kwamba tulishinda, vidole havirudi. Lakini alirudi kwao kwa jina lake mwenyewe.

SIKU MBILI ZA CHAMA

Baada ya hapo sisi watano tulijiunga na chama, na Baluku alirudi kazini pamoja na wenzake watatu. Katika mkutano wa tawi tulileta shauri moja, nalo likapita: mgeni wa kazi akifika, tawi litampa zile siku mbili alizonyimwa. Hatuna fedha za kumlaza hotelini. Tunachompa ni saa mbili za jioni kwa siku mbili, na watu wawili wa kumpokea, mmoja mgeni wa zamani na mmoja mwenyeji. Lazima wawe wawili hivyo. Mgeni wa zamani anajua kinachomchanganya mtu. Mwenyeji anajua jibu.

Siku ya kwanza ni ya mji. Anapelekwa kwa mwenyekiti wa LC aandikwe, hata kama hana barua, na anasaidiwa kuiagiza kwao. Anaonyeshwa maji, zahanati, mahali pa kununua chandarua, na soko. Anaambiwa asijenge wala kupanga karibu na Nyamwamba kwa kuvutiwa na kodi ndogo. Anafundishwa salamu, na neno wasingya. Na akienda Bwera, anaonywa kuhusu kuuza na kuuzisha.

Siku ya pili ni ya kazi. Anaelezwa mambo matano, na tunayaandika hapa ili nawe uyakate uyaweke:

Kwanza, itika jina lako tu. Ukiitwa kwa jina la mwingine, kataa siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi.

Pili, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi yako kwa maandishi kabla ya majuma 12 kupita tangu uanze kazi. Na kwa Kanuni za mwaka 2011, mtu hawezi kuwekwa kibarua zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi.

Tatu, kila unapolipwa unastahili karatasi inayoonyesha mshahara na kila makato. Mfuko wa NSSF hukata asilimia 5 kwako na mwajiri anatoa asilimia 10. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 kila mwajiri anawajibika, hata mwenye wafanyakazi wachache. Uliza namba yako, ihifadhi.

Nne, ukiumia, toa habari mara moja, mwambie na mwakilishi wa chama, na usiweke alama ya kidole kwenye karatasi usiyosomewa.

Tano, chama si cha wenyeji wala cha wageni. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama anachokitaka. Kabla hujakubali kazi uliyoletewa na wakala, uliza kwanza: aliyekuwa kwenye nafasi hii yuko wapi, na kwa nini aliondoka?

Swali hili la mwisho ndilo tunaloliona kubwa kuliko yote. Siku hizi wafanyakazi wanahama kuliko zamani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010, na Kongo imeingia katika Jumuiya mwaka 2022, hata kama vibali vya kazi bado vina taratibu zake. Kesho atakayeshuka kwenye basi anaweza kuwa wa Butembo, wa Kigoma au wa Kisumu. Naye mtoto wa Kasese atakuwa anashuka kwenye basi mahali pengine, amebeba koti asilolihitaji. Tukiwaacha mawakala wawe ndio wenyeji wetu wa kwanza, watatupanga watakavyo, mmoja wetu akae juu ya jina la mwingine.

Juma lililopita walifika wanane, watano wanaume na watatu wanawake. Baluku na mwenzetu mmoja wa Kabale ndio waliokuwa zamu ya kuwapokea. Wakala alikasirika, akasema tunampotezea muda. Walisimama pale stendi jua likiwaka, mizigo miguuni, na jambo la kwanza waliloulizwa lilikuwa majina yao.